Ugavi wa Jeshi Linaloishi Kesho

Kosa la wakati, yaani kitu kuonekana filamuni kabla hakijazaliwa duniani, hustawi zaidi katika filamu za juzijuzi, kwa kuwa anayesimulia Roma ya Kaisari huwauliza wanahistoria, ilhali anayesimulia jana huiamini kumbukumbu yake mwenyewe. The Hurt Locker, filamu ya Marekani iliyotwaa Tuzo ya Oscar ya filamu bora, inahusu wategua mabomu jijini Baghdad mwaka 2004. Humo askari anacheza Gears of War, mchezo wa video ulioingia sokoni 2006, na YouTube, iliyoanzishwa 2005, inatajwa kana kwamba kila mtu anaijua. Ugavi wa jeshi hilo ulikuwa wa kupigiwa mfano.

Anayetaka kuigiza Nairobi ya 1982 naye ana kazi ya kuficha vibanda vya M-Pesa, huduma ya 2007, kila kona. Hata hivyo, mtazamaji mwenye jicho la mwewe, anayelinasa kosa la mchezo kwa mkogo, aghalabu humeza bila maji tukio la mmoja wa wategua mabomu wa filamu hiyo kuzurura usiku, peke yake, katika mitaa ya Baghdad vitani na kurudi kambini salama, pengine kwa sababu upuuzi wa namna hiyo haukuandikwa tarehe ya kutengenezwa.