Inauzwa, na Kutembea Inatembea

"Datsun 120Y ya 1977, milango miwili, mwenyewe mmoja, inatembea." Mstaafu mmoja wa Nakuru aliyaandika maneno hayo kwa kalamu nzito kwenye kadibodi, akaiegemeza kwenye kioo cha mbele, kisha akaketi barazani kungoja pesa. Hakuna uongo humo. Mwenyewe ni mmoja, ukihesabu wa sasa tu. Na kutembea inatembea, hasa barabara ikielekea chini.

Wa kwanza kufika hakuwa mnunuzi. Wala wa pili. Gari la umri huu huvuta wasimulizi kabla halijavuta pesa. Mmoja alijifunzia udereva kwenye 120Y ya mjomba wake. Mwingine aliwahi kusafiri ndani yake na watu wanane na jogoo, na jogoo ndiye aliyekaa mbele. Kila mmoja hupapasa boneti, huguna, huuliza bei, husema "Mungu akujalie, Mzee," na kuondoka na kumbukumbu zake.

Kumbukumbu zenyewe si za bure. 120Y ilikuwa Sunny ya Nissan, iliyotoka kiwandani kuanzia 1973 hadi 1978, na kwa injini yake ilistahili sifa. A12 ni mashine ndogo ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,171, kabureta moja, kompyuta hakuna. Fundi mwenye spana namba 10, 12 na 14 hufungua karibu kila kitu. Mgonjwa kwa kawaida ni bodi. Hii ya Nakuru iliishi Mombasa miaka kadhaa, ikavuta hewa ya chumvi, na sasa chini ya zulia upande wa dereva kuna dirisha dogo la kutazamia lami.

Shida kubwa, hata hivyo, si kutu. Ni maneno. Mnunuzi wa kwanza wa kweli alipoanza kukunja uso mbele ya dirisha hilo, Mzee alimtoa Shekhar Mehta mfukoni.

"Kijana wangu, hii ndiyo gari ya Mehta."

Mehta alishinda Safari Rally mara tano: 1973, halafu mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, rekodi ambayo Wakenya wa rika la Mzee huitaja kwa sauti ya ibada. Ushindi wa 1973 aliupata kwa Datsun 240Z, ule wa 1979 na 1980 kwa 160J, na miwili ya mwisho kwa Violet GT. Popote katika hesabu hiyo 120Y haimo. Mzee alipobanwa alijitetea kwamba ni ukoo mmoja. Ni kama kumuuza mbuzi kwa sifa za binamu yake aliyepata zawadi kwenye maonyesho ya kilimo.

Mnunuzi akakubali kuijaribu. Choki ikavutwa, injini ikakohoa, ikatoa moshi uliowafanya majirani waanue nguo kambani, ikashika. Walifika kwenye mlima wa kwanza, ikazima. Hapo ndipo mgeni alipogundua kwamba mlango wa abiria hufunguliwa kwa nje tu. Ili atoke kusukuma ilibidi ateremshe kioo na kupitisha mkono nje mpaka kwenye komeo. Kioo kiliteremka vizuri sana. Kupanda kilikataa, na mvua ya alasiri ya Nakuru haikuwa na habari kwamba kuna watu wanajaribu gari.

Fundi aliyeitwa alifungua distribyuta, akakuta pointi zimeungua, akazipitisha msasa, akapima mwanya wake kwa jicho moja huku jingine limefumbwa. Gari likawaka mara moja. Kazi ya dakika chache, na gari la leo lingedai mashine ya kusoma makosa. Lakini mnunuzi alikuwa amekwisha kupanda bodaboda, kalowa chepechepe.

Baada yake alitoka Nairobi muuza spea wa Kirinyaga Road. Yeye hakutaka gari, alitaka kioo cha nyuma na milango. Ukifikiri, hesabu yake ina akili. 120Y za milango minne ndizo zilizozoeleka. Hii ina milango mirefu zaidi na mgongo ulioinama, kwa hiyo vioo vya hizo havikubali hapa. Na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, kwa hiyo mtu asitarajie kuletewa nyingine kwa meli kutoka Japani. Bei aliyotoa kwa kioo na milango ilikaribia bei ya gari zima. Mzee alikasirika siku mbili. Mkewe, ambaye kuku wake alikuwa amehamia kiti cha nyuma na kutaga, aliuliza tu kama huyo wa Nairobi ananunua na viti.

Mwishowe alikuja mwalimu, mtu mpole, na pesa zake kwenye bahasha. Walikubaliana kabla chai haijapoa. Ikabaki kuhamisha umiliki, kazi ambayo siku hizi hufanywa mtandaoni, basi mwalimu akaomba kitabu cha gari aanze kujaza. Kitabu kilisema rangi ni maziwa. Gari lililosimama uani lilikuwa la kijani.

"Ah, hiyo," Mzee akasema. "Kijana wangu wa pili alikuwa anajifunza kupaka rangi."

"Na mlango wa kushoto?"

"Alipata kazi kabla hajaufikia."

Mwalimu akamgeukia fundi, akitaka kujua kipi ni rahisi kubadilisha, karatasi au gari. Fundi alilizunguka mara moja, akifuta mikono.

"Mlango mmoja tayari uko sawa na kitabu, Mwalimu. Hapa tuna bahati. Gari lina milango miwili tu."