Ombi la kibali cha kuendelea na kadi ambayo haijaharibika

Kwa Wakuu wa Kampuni ya Nvidia,
Santa Clara, California,
Marekani.

Waheshimiwa,

YAH: KIBALI CHA KUENDELEA KUTUMIA KADI YA GRAFIKI AMBAYO BADO INAFANYA KAZI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mcheza gemu wa Dar es Salaam, mmiliki halali wa GTX 1060 ya gigabaiti 6, mliyoizindua ninyi wenyewe Julai 2016 kwa dola 249. Kwa miaka kadhaa kadi hii iliongoza orodha ya kadi zinazotumiwa na wateja wengi zaidi wa duka la magemu la Steam duniani. Nimepokea kwa unyenyekevu tangazo lenu la 2025 kwamba baada ya Oktoba mwaka huo ukoo wake wote hautengenezewi tena draiva za magemu mapya, isipokuwa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa lugha ya utumishi, kadi yangu imestaafishwa kwa umri. Shida ni kwamba yenyewe haijapata barua. Kila jioni inaripoti kazini, inachezesha GTA V, inachezesha Dota 2, wala haidai posho.

Ninaufahamu utaratibu. Kila miaka miwili hivi mnatangaza kizazi kipya, na kuanzia siku hiyo raia mwema anatakiwa aionee aibu mashine yake. Nimejitahidi kuona aibu, lakini bei zenu zinanikatiza. Mwaka 2017 kadi ya kifahari, GTX 1080 Ti, ilitoka kwa dola 699. Mwaka 2022 RTX 4090 ikatoka kwa dola 1,599, na Januari 2025 RTX 5090 ikagonga dola 1,999. Hiyo ya mwisho inakula hadi wati 575, nanyi mnaishauria pawa saplai ya wati 1,000. Sisi huku umeme tunaununua kwa LUKU na kuziona uniti zikishuka. Kadi hiyo ikikaza mwendo kwa saa mbili, imemaliza uniti moja na ushee peke yake, kabla prosesa na kioo havijadai chao. Yangu ya wati 120 hudumu kwa muda wa saa nane kwa uniti hiyo hiyo moja. Nikijiuliza ni ipi kati yao iliyochoka, jibu silipati katika matangazo yenu.

Natambua pia juhudi zenu katika kutoa majina. Septemba 2022 mlitangaza RTX 4080 mbili, ya gigabaiti 12 na ya 16, ambazo hata chipu zake zilikuwa tofauti. Wateja walipong'aka, mkaiondoa ile ndogo kabla haijafika dukani, ikarudi Januari 2023 ikiitwa RTX 4070 Ti, bei ikiwa imepungua dola 100. Kadhalika, RTX 3060 ya 2021 ilikuja na gigabaiti 12 za memori, na mrithi wake wa 2023, RTX 4060, akaja na 8. Mrithi kapata theluthi mbili, na sisi wageni waalikwa tunaombwa vigelegele.

Lakini lililonigusa zaidi ni hotuba ya Januari 2025 pale Las Vegas, ambako mkuu wenu Jensen Huang alisema RTX 5070 ya dola 549 itakuwa na utendaji wa RTX 4090. Siri yenyewe ilikuwa akili unde: kadi ilichora fremu halisi, kisha ikabuni hadi tatu za kuchomeka kabla ya halisi inayofuata. Picha inakuwa laini machoni, ila ukibonyeza kitufe, jibu lake linangoja fremu halisi. Nimeupenda mfumo huu na naomba utumike pande zote mbili. Mimi nitoe noti moja halisi, akili unde yenu ibuni tatu zilizobaki. Kwa hesabu hiyo nitawalipa dola 137 na senti 25 taslimu, na zinazosalia mtaziona zikipita laini kabisa kwenye kioo.

Wakati nasubiri majibu yenu, nimeunda kamati ya mtu mmoja, nayo imepitisha kanuni zifuatazo:

(a) Anayetaka kadi mpya ataje kwanza gemu linalomshinda, kwa jina. Akitaja Indiana Jones and the Great Circle la 2024 au Doom: The Dark Ages la 2025, asikilizwe, maana hayo hayafunguki bila kadi iliyoundwa kukokotoa miale ya mwanga. Akisema "magemu ya kisasa" tu, arudi nyumbani akafikiri.

(b) Ashushe vivuli na mapambo ya picha kutoka ngazi ya juu kabisa hadi ya kati. Tofauti huonekana zaidi kwa mtu aliyesimama kukagua ukuta. Anayekimbia risasi hana nafasi hiyo.

(c) Apime matumizi huku gemu likiendelea. Kadi ikiwa karibu na asilimia 100, tatizo ni kadi. Ikiwa imetulia kwenye asilimia 60 huku prosesa inahema, kadi mpya itakuja kukaa foleni ile ile.

(d) Vya bei nafuu kuliko kadi vitangulie: kupuliza vumbi, pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, SSD badala ya diski ya kuzunguka, RAM kutoka gigabaiti 8 hadi 16 kwa vipande viwili. Na mwenye kioo cha hertz 60 akumbuke kwamba akizalisha fremu 200 kwa sekunde, kioo chake hakina pa kuziweka zote.

(e) Apime kasha na pawa saplai. Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua zilikuwa za ofisini: kasha jembamba, pawa saplai isiyo na waya wa kulisha kadi kubwa. Hapo mtu anakwenda kununua mlango na kurudi na nyumba nzima.

(f) Siku ya kizazi kipya kuzinduliwa iheshimiwe, kwani ndiyo siku wenye haraka wanauza vya juzi. Mnunuzi asome idadi ya gigabaiti, aijaribu kadi kwa gemu lake, ndipo atoe hela.

Sioni kwa nini ombi langu liwe gumu. Mapato yenu makubwa siku hizi yanatoka kwenye vituo vya data vya akili unde, ambavyo njaa yake ya memori imetupandishia bei hata ya RAM tangu mwishoni mwa 2025. Mteja wa dola 249 akikaa kando, hesabu zenu hazitatikisika. Zangu zitapona.

Nisipojibiwa ndani ya siku 14, nitachukulia kwamba kibali kimetolewa. Nikijibiwa, nitachukulia hivyo hivyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki wa GTX 1060

Nakala:
Wauza kompyuta wa Kariakoo – kwa taarifa.
TANESCO – wasihofu.
Fundi wangu, aje na brashi na pesti – kwa utekelezaji.