Tai na Pimbi wa Mwitongo

Pimbi wa Mwitongo, pale Butiama, hawaoti jua wote kwa pamoja. Wengine wakiwa wamejilaza juu ya mawe, mmoja hukaa kwenye jiwe la juu kabisa, macho angani. Akipiga ukelele mmoja tu, wote wamekwisha kuingia kwenye nyufa za mwamba. Aliyepanda kule asubuhi ameyaona. Hekaya hii ni yao, na ni ya Tai.

Tai kwao ni ng'ambo ya bahari kubwa. Mwaka 1823 alitangaza kwamba ndege wa Ulaya wasije tena kujenga viota vipya upande wake wa dunia. Huku kwetu alifika kwanza kama mfanyabiashara. Mwaka 1833 alitiliana saini mkataba na Seyyid Said, na 1837 akaweka konseli wake Unguja. Alileta shuka za merikani, akabeba pembe za ndovu na sandarusi. Mwamba wa Butiama hakuwa na haja nao.

Baada ya vita kuu kwisha mwaka 1945, mambo yaligeuka. Dubu wa kaskazini alikuwa amenyanyuka, na miaka minne baadaye Chatu wa mashariki naye akajikunjua. Tangu hapo Tai hakutazama mlima wowote bila kujiuliza: nani mwingine anautaka? Atakayelishika swali hilo ataelewa kwa nini siku moja Tai hushuka na kapu la chakula na siku nyingine hushuka na kucha.

Pimbi walipopata uhuru wa mwamba wao, Desemba 1961, Tai alikuwa amekwisha kuwatuma vijana wake wa Peace Corps. Walitangulia wapima ardhi na wahandisi wa barabara, wakafuata walimu. Julai 1963 mlinzi wa pimbi alialikwa Washington, Rais Kennedy akampokea kwa heshima zote. Msomaji wa Musoma amekwisha kumjua mlinzi huyo: alizaliwa Butiama mwaka 1922.

Aliporudi, pimbi kijana akamfuata kwenye jiwe la juu.

"Babu, shikamoo. Tai amekukaribisha kwake, ametuletea na walimu. Mbona bado unakesha huku?"

"Marahaba, mura. Tai huwinda wawili wawili. Mmoja huruka mbele yenu ili mmtazame yeye, wa pili huja na jua mgongoni. Mimi wa mbele namsalimia, na wa pili namtafuta."

Wa pili alikuwa ameanza kuonekana jirani, Kongo. Lumumba aliuawa Januari 1961. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Tai mwenyewe ilieleza kwamba shirika lake la ujasusi, CIA, lilikuwa limeandaa sumu ya kumuua, ingawa waliomuua hatimaye walikuwa wengine. Novemba 1964 ndege za Tai ziliwabeba askari wa miavuli wa Ubelgiji na kuwashusha Stanleyville, Kisangani ya leo. Ilisemwa wanakwenda kuokoa mateka, na mateka kweli walikuwepo. Lakini Afrika nzima iliona pia upande gani wa vita ulipata nguvu siku ile.

Ndiyo maana Januari 1965 mlinzi alipopiga ukelele, pimbi hawakuuliza mara mbili. Maofisa wawili wa Tai walifukuzwa nchini, mmoja wao Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, kwa tuhuma za njama. Tai alikana, akasema mazungumzo yao ya simu yalinaswa na kueleweka vibaya, naye akamfukuza ofisa wetu. Njama ile haikuthibitishwa kamwe. Carlucci mwenyewe alikuja kuwa naibu mkurugenzi wa CIA, kisha waziri wa ulinzi. Sidai kwamba mlinzi alipatia kila mara. Ninachodai ni kwamba pimbi aliyekimbilia mwambani bure amepoteza jua la asubuhi tu, na aliyechelewa amepoteza mtoto.

Kisha likaja shauri la njia. Baraza lilikaa Bunda, maana ndipo nyumbu wa Grumeti husogea karibu na barabara ya Mwanza na Musoma. Nyumbu walileta habari kwamba ndugu zao wa Zambia wamebanwa: shaba yao ilipita Rhodesia, na Novemba 1965 walowezi wa huko walijitangazia uhuru wao wenyewe ili Waafrika wasitawale.

"Tunataka njia ya reli hadi Dar es Salaam," nyumbu wakasema.

Tai na jamaa zake wakapima, wakapiga hesabu, wakajibu kuwa njia hiyo haitalipa. Chatu akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi nitailaza."

Chatu alikubali mwaka 1967, akaanza kazi 1970, akamaliza 1975: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba. Na Tai? Alipomwona Chatu anakuja, alitoa fedha za kujenga barabara kuu ya kwenda Zambia, inayokwenda sambamba na reli. Hesabu ya shaba ilikuwa ileile, na umbali uleule. Kilichobadilika ni jibu la lile swali lake.

"Sasa babu, rafiki yetu ni yupi?" kijana akauliza.

"Rafiki yetu ni njia, mura. Na usisahau, chatu naye hula pimbi."

Mwaka 1974 mvua zilikuwa zimekataa na maghala yakabaki matupu. Yakaja mahindi ya njano kutoka nje, mengine ya kununua, mengine ya msaada wa Tai. Wenye umri wanaukumbuka unga ule, waliuita unga wa Yanga kwa rangi yake. Mama aliuchekecha, akausonga, na watoto waliozoea sembe nyeupe au ugali wa muhogo na mtama wakakunja uso. Wakala, wakalala wameshiba. Siwezi kuubeza ugali uliomlaza mtoto ameshiba. Nauliza tu kwa nini ghala letu lilikuwa tupu, na swali hilo si la Tai kulijibu.

Mlinzi alifariki Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo. Tai aliendelea kuja. Mpango wake wa PEPFAR, ulioanzishwa 2003, umesaidia kulipia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na watu wako hai kwa sababu hiyo. Februari 2008 Rais Bush alikuja Dar es Salaam kutia saini mkataba wa dola milioni 698 za barabara, umeme na maji. Machi 2016 maandalizi ya mkataba mwingine, wa dola milioni 472, yalisimamishwa kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Uchaguzi ule ulistahili kulalamikiwa, ila wa kwanza kulalamika tulipaswa kuwa sisi, hata kama hapakuwa na dola moja mezani.

Halafu 20 Januari 2025 Tai alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na 1 Julai shirika lake la USAID likafungwa. Pimbi hawakuwa wamemkosea chochote. Huko kwake swali lilikuwa limeulizwa upya, na jibu likawa jingine. Aliyekuwa na kidonge cha mwezi mmoja mkononi ndiye aliyeanza kuhesabu siku.

Waheshimiwa wabunge wa Musoma, Bunda na Butiama, Bunge la bajeti hukaa kila mwaka hadi Juni. Mkoa wetu unatoa dhahabu ya Nyamongo na minofu ya sangara. Dawa za kufubaza virusi ziingizwe kwenye bajeti kwa fedha zetu wenyewe, kila mwaka sehemu kubwa kuliko mwaka uliotangulia, na fungu hilo lilindwe kabla hamjapitisha fungu la magari. Kumwomba Tai au Chatu kufuate baada ya hapo.