Asifiwe Monita, Asifiwe na Mjumbe wa Bodi

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nadhani ndiyo sababu monita wa darasa hajawahi kusifiwa tangu shule zianze. Mwalimu ana siku yake duniani, tarehe 5 Oktoba. Mpishi wa shule hushangiliwa siku ya pilau. Hata kengele, ile rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwembe, ina wapenzi wake inapofika saa ya chakula. Monita hana wake. Mjumbe wa bodi ya shule naye hana, ila yeye walau hupewa soda.

Leo nimeamua kuwalipia deni hilo wote wawili. Natanguliza kukiri kwamba nilikuwa monita wa tahasusi ya HGL kidato cha tano na cha sita, na sasa, kwa kudra za Mungu na kwa barua ya mkuu wa shule nyingine, ni mjumbe wa bodi. Atakayesema najisifu mwenyewe hajakosea. Nimesubiri miaka mingi wengine wanisifu, nimechoka.

Anayemdharau monita hajui nasaba yake. Mwaka 1798, huko London, kijana wa miaka ipatayo ishirini aitwaye Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto wa maskini. Watoto walipozidi na mwalimu akabaki ni yeye peke yake, aliwachukua wanafunzi walioelewa akawapa kazi ya kuwafundisha wenzao, akawaita mamonita. Cheo hiki basi kilizaliwa na uhaba wa walimu, na hiyo inatosha kueleza kwa nini kimenawiri kwetu. Miaka thelathini baadaye Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby, akawakabidhi wanafunzi wakubwa mamlaka juu ya wadogo, na mtindo huo ukapanda meli pamoja na wakoloni hadi huku.

Ulipofika ukahitaji jina la kienyeji, na Waswahili wakalitoa jandoni. Kiranja, kabla hajawa wa shule, ni yule mvulana anayetangulia kutahiriwa katika kundi lake. Wenzake wamejipanga nyuma, kila mmoja ametega sikio kusikia kama atalia. Waliochagua neno hilo walijua walisemalo: kiongozi ndiye anayekutana na kisu mwanzo, na wafuasi ndio wanaosikilizia.

Sasa tazama silaha zake. Polisi ana pingu, mwalimu wa nidhamu ana fimbo yake ya mpera. Monita ana nusu ukurasa. Mimi wangu niliuchana katikati ya daftari la Jiografia, prepu ya saa mbili usiku. Juu niliandika "Wapiga kelele", nikapiga mstari kwa rula, maana orodha isiyopigwa mstari haiogopwi. Jina huanza likiwa peke yake. Mwenye jina akiguna, "Hee, umeniandika?", unaongeza ×2. Akicheka, ×3. Akija mezani kuomba afutwe, ×4, kwa sababu kutembea darasani ni kosa jingine. Nilikuwa na rafiki, tukilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Usiku mmoja alifika ×9 bila kutamka neno baada ya lile la kwanza. Alikuwa akipiga miayo tu, lakini miayo ya dharau.

Kwa nusu ukurasa huo niliwanyamazisha watu hamsini, wengine wana ndevu. Malipo yangu? Niliitwa mnoko. Ndoo yangu ilihama bweni mara tatu bila miguu. Bwaloni, makande yangu yalikuwa mahindi yaliyoachana na maharage. Na asubuhi, mwalimu wa zamu alipoipokea orodha, aliisoma taratibu hadi chini, akaikunja, akaniuliza: "Na wewe ulikuwa wapi wakati wote hawa wanapiga kelele?" Nikawa wa kwanza kupiga magoti. Nyuma yangu darasa zima lilikuwa kimya, linasikiliza kama nitalia.

Hapo sijataja huduma zake nyingine. Monita ndiye hazina ya chaki, mlezi wa dasta, na mtunza siri wa daftari la vipindi, lile ambalo mwalimu husaini kila akimaliza kufundisha. Mwalimu ambaye hakuonekana tangu Jumatatu humwita Ijumaa mchana kwa sauti ya baba: "Mwanangu, lile daftari liko wapi?" Kisha husaini vipindi vitano kwa wino mmoja, huku monita akitazama dirishani jinsi ndege walivyo wazuri. Kama nchi hii ina watu waliosomea utunzaji wa siri za serikali, wengi walianzia hapo.

Na usidhani cheo hiki hupewa kila mtu. Inasimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere alipokuwa akisoma Tabora, walimu wake walitaka awe kaka mkuu, na mkuu wa shule akakataa akisema kijana yule ni mpole mno. Ikabidi baadaye aridhike na urais.

Nimgeukie sasa mjumbe wa bodi, yaani monita aliyeota kitambi. Huyu ni kiumbe wa kisheria. Sheria ya Elimu ya Tanzania, Na. 25 ya mwaka 1978, iliipa shule ya msingi kamati na shule ya sekondari bodi. Wanafunzi hawazijui sura zetu, lakini hutujua kwa dalili, kama mvua. Mawe ya kando ya njia yakipakwa chokaa, bodi inakuja. Vyoo vikianza kunukia dawa, bodi iko njiani. Makande yakigeuka pilau siku ya Alhamisi, bodi imeshafika. Wapo wanaoibeza pilau hiyo, eti ni ya kutupumbaza. Mimi nauliza: ni wizara gani imewahi kusafisha vyoo kwa kutajwa tu? Bodi ikikutana kila siku, afya ya shule zetu itakuwa imara na bajeti itakuwa imekwisha Februari.

Mkuu wa shule naye anatuhitaji. Mzazi akimbana kuhusu mtoto aliyesimamishwa, jibu ni "tunasubiri bodi". Mwalimu akiuliza posho yake ya masomo ya ziada, "hilo liko mezani kwa bodi". Hakuna meza nchini inayobebeshwa mizigo kama ile, na ukiingia chumbani utaiona ni meza ya kawaida kabisa, ina kitambaa cha maua na chupa mbili za chai.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipoondolewa mwaka 2016, na ile ya kidato cha tano na cha sita ilipofuata mwaka 2022, wenye haraka walidhani tumekosa la kujadili. Hawakutujua. Shilingi 70,000 za bweni zilipoondoka, tukabaki na swali kubwa zaidi kuliko fedha zenyewe: nani atalipia kile ambacho mzazi anaamini serikali imeshalipia? Swali hilo limetuweka kwenye viti mpaka leo.

Ngoja nikuonyeshe tunavyofanya kazi. Tunafungua kikao. Tunathibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, ambazo mjumbe mmoja hurekebisha kila mara jinsi jina lake lilivyoandikwa. Kisha tunaingia kwenye Yatokanayo. Yatokanayo ni wodi ya wagonjwa wa siku nyingi: mambo huingia humo, hayafi wala hayaponi, na sisi ndio watazamaji wa wagonjwa. Pampu ya kisima cha shule imelazwa humo tangu nilipoteuliwa. Kila kikao tunaijulia hali.

"Pampu vipi?"

"Fundi ameshaonwa."

"Iendelee kufuatiliwa."

Tunaitakia afya njema, tunasonga mbele. Kwenye Mengineyo tuliwahi kutumia dakika arobaini kujadili kwa nini chapati za kikao zimekuwa ndogo, na hapo azimio lilipatikana, likatekelezwa kabla ya chai ya pili. Anayesema bodi haina meno na aje aone tunavyotafuna.

Lakini mtetezi mzuri hutetea hadi mwisho. Mjumbe wa bodi hana fungu la fedha, hana ufunguo wa stoo, hana uwezo wa kumhamisha hata mlinzi. Kalamu anapewa mlangoni na kurudisha anapotoka. Alicho nacho ni kiti. Matokeo ya kidato cha sita yakiwa mabaya, kijiji kizima kinamuuliza sokoni: "Ninyi bodi mnafanya nini?" Yakiwa mazuri, anayepongezwa ni mkuu wa shule. Wazazi wenye hasira huletwa kwetu, wenye shukrani hupelekwa ofisini. Monita alipewa kalamu bila fimbo, mjumbe akapewa kiti bila ufunguo. Kisu ni kilekile, kimebadilisha mfuko tu.

Wenzetu Kenya waliuona undugu huu wakauandika. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamkalisha mwakilishi wa baraza la wanafunzi ndani ya bodi yenyewe. Sisi, kwenye bodi yetu, mwanafunzi huitwa pale mwenyekiti anapotaka, akasoma alichotumwa, akatoka kabla chai haijamiminwa.

Kikao kilichopita aliitwa binti wa kidato cha sita, monita wa tahasusi ya PCB. Alibisha hodi mara mbili, akaingia.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, tusomee."

Akafunua karatasi, na mimi nikaitambua kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa nusu ukurasa uliochanwa katikati ya daftari, kingo mbichi, na juu kuna mstari uliopigwa kwa rula. Akasoma kwa sauti ileile ya kutaja majina, isiyo na chuki wala huruma: "Madirisha ya maabara, mara tatu. Taa za bweni la wasichana, mara sita. Pampu, mara kumi na nne."

Mwenyekiti alivua miwani. "Hizo mara ni za nini, mwanangu? Ni mara ilizoharibika?"

"Hapana, mzee. Ni mara tulizoambiwa inafuatiliwa."

Kimya kikatanda. Mjumbe wa jina la kurekebishwa aliangalia sukari. Mwenyekiti, ambaye hakupewa uenyekiti kwa bahati, alikohoa kidogo, akamsifu binti kwa nidhamu yake, kwa mwandiko wake, kwa ujasiri wake ambao taifa la kesho linauhitaji. Alimsifu mpaka nikamwona mgema mwenyewe, kibuyu mkononi, anatafuta maji. Kisha akamwambia katibu: "Andika, bodi imepokea hoja. Na hili la pampu liendelee kufuatiliwa."

Binti alishukuru, akageuka. Hakufika mlangoni. Alisimama, akachomoa kalamu mfukoni mwa shati, akaegemeza karatasi ukutani, akaandika kitu kifupi sana. Katibu alikuwa akipekua jalada, mwenyekiti alikuwa akivaa miwani, na mimi nilikuwa na kipande cha chapati mdomoni. Nikaacha kutafuna, asije akanisikia.