Smati Hata Bila Pasi

Wanaokilaumu kivumishi hiki cha Kiingereza, smati, hawakitendei haki. Zamani hapa Matinyani kilikuwa na kazi moja: kumsifu aliyevaa shati lililopigwa pasi Jumapili. Sasa kimepanda cheo. Kina simu, kina jiji zima kule Konza, ambalo Rais Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013 (jiji lenye akili halikui kwa pupa).

Hata kilimo kimekipata. Bibi zetu walichimba matuta kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, wakapanda mtama, ndengu na mbaazi, wakafukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. Nao, kwa ushamba wao, wakidhani wanalima tu. Ilibidi magari makubwa yatoke Nairobi, bango la semina litundikwe hotelini, chai inywewe na posho itiwe saini, ndipo matuta yaleyale yakawa smati. Mbaazi hazijaongezeka, ila sasa zina cheti.

Wawezeshaji nao tuwashukuru. Walisimama kando ya shamba, viatu vinang'aa, wakatufundisha kushika jembe bila kukanyaga udongo. Kwa ile maana ya zamani, tuliwapa maksi zote.