Mti Wangu Umekauka

Mke wangu alinikuta mezani nacheka peke yangu, wali umeshapoa. "Baba Neema, unacheka na nani?" Nilikuwa natazama video ya mbuzi aliyepakizwa kwenye bodaboda. Usiku uleule kikaitishwa kikao.

Kijana wangu wa kidato cha pili, fundi mkuu wa nyumba, akasema dawa ipo: programu iitwayo Forest. Unapanda mti ndani ya simu; usipohangaika na mambo mengine humo, unakua. Ukichepuka, unakauka. Haya, mlo uliofuata tukapanda. Dakika ya tatu watu wanne tumeinamia simu kuona mti wa nani umechipua, maana kuutazama hakukatazwi. Aliyekula chakula cha moto ni bibi wa watoto peke yake, mwenye kitochi chake.

Wangu ulikauka. Mbuzi yule alikuwa na sehemu ya pili.

Kijana hakukata tamaa. Akaniingiza kwenye mipangilio ya iPhone yangu ya mtumba, ambako tangu 2018 Apple wameweka kihesabu muda. Kikasema: saa tano na dakika arobaini. Nikatazama ukutani, ni saa mbili na robo usiku. Nikamwambia simu imeharibika saa. Mtoto akacheka hadi akakohoa: "Baba, huo ndio muda uliokaa kwenye simu leo."

Tukaweka kikomo cha nusu saa. Kilipofika, skrini ikajifunga, na papo hapo pakatokea kitufe cha kukipuuza. Sasa hicho ni kikomo au ni salamu? Mwenye kilabu anakuuzia pombe, kisha anakushika mkono hadi mlangoni akikusihi upunguze, na mlango kauacha wazi.

Mama Neema hakusema neno. Alikwenda kabatini akaleta hotpoti kubwa, ile ya wageni, akaiweka katikati ya meza. "Simu zote humu. Atakayefungua wa kwanza ataosha vyombo." Haina betri, haiombi kusasishwa, na mfuniko wake ukiuzungusha unalia nyumba nzima isikie. Nimejaribu kuufungua taratibu. Unalia zaidi.

Leo ni siku ya nne naosha vyombo, na sufuria la pilau lina ukoko. Safu hii nimeichapa kwenye simu, mkono mmoja una povu.