Kwa Mheshimiwa Mwenye Jicho la Kupimia Moshi

Mheshimiwa Mkaguzi,

Nakushukuru kwa kuifelisha Corolla yangu ya mwaka 1998 kwa kosa la "moshi mbaya". Uliinama, ukachungulia bomba, ukanusa, ukaandika. Kule Japani ilikotoka, kifaa hutiwa ndani ya egzosi kikatoa namba. Jicho lako ni nafuu zaidi: halili umeme wala haliagizwi nje.

Tabu iko kwa fundi wangu wa Mwanakwerekwe. Ameisoma karatasi yako, akaigeuza nyuma kutafuta maelezo mengine. "Moshi mbaya wa rangi gani?" Kwake, ukiwa wa bluu injini inakula oili, basi ni ringi au sili za valvu. Ukiwa mweusi, petroli imezidi: ea klina imeziba, sensa ya oksijeni imekufa au nozeli inavuja. Mweupe wa asubuhi, unaokwisha injini ikipata moto, ni mvuke tu, na masega ya egzosi, yale yanayosafisha moshi, nayo hayafanyi kazi mpaka yapate moto. Wewe ulinikagua baada ya foleni ndefu, injini imezimwa, imeshapoa. Basi fundi amebadilisha plagi, maana ndiyo kazi nyepesi (kwake, si kwa mfuko wangu).

Nina swali la faragha, naliuliza hadharani. Kaboni monoksaidi, ile inayoua, haina rangi wala harufu. Jicho lako huionaje? Jirani yangu keshang'oa masega akayauza, kwani ndani yake mna platinamu na paladiamu, na sasa gari lake linaimwaga sumu hiyo bila kizuizi. Limepita ukaguzi. Lina rangi mpya na mtungi wa kuzimia moto unaong'aa.

Sizitaji Vespa kongwe zinazochoma oili pamoja na petroli, zikipita vichochoroni mwa Mji Mkongwe, kutoka Mkunazini hadi Shangani, huku moshi wa bluu umebanwa na kuta za mawe. Mji huo uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Pengine na moshi wake umeorodheshwa, haufai kuguswa.

Mheshimiwa, nunueni kipima moshi, kisha mtuandikie namba kwenye karatasi, fundi ajue pa kuanzia. Bajeti ikigoma, andikeni basi rangi. Hilo halihitaji zabuni.

Wako mtiifu,
Mwenye Corolla, Unguja